Aliyemsemea Mtoto wa Mlangoni

Alizaliwa wapi na kwa nani, sitaandika. Sikuyasikia hayo kinywani mwake, na waliyoyasema wengine juu ya ukoo wake yalibadilika kulingana na chuki ya msemaji. Nitaandika niliyoyaona mwenyewe katika miaka tuliyokuwa majirani huko Shituru, mtaa wa mji wa Likasi, nyumba yake ikitazamana na yangu, katikati pakiwa na mfereji wa maji machafu na mstari mmoja wa mihogo. Mtaa mzima ulimwita Profesa. Alifundisha falsafa katika darasa la mwisho la sekondari. Mimi nilikuwa nimestaafu ukuu wa shule ya msingi, lakini majirani waliendelea kuniita Papa Direktere.

Kwa sababu ya maneno yake, mtoto mmoja aitwaye Ngalula alikaribia kufa. Msomaji alijue hilo tangu sasa, kwa maana bila hilo kila nitakachosema juu ya mtu huyu kitaonekana kuwa kichekesho tu, na kwa kweli alikuwa mtu wa kuchekesha.

Alikuwa na shati moja jeupe la kufundishia. Kila alasiri alilifua, akalianika nyuma ya nyumba, na mpaka likauke hakuonekana. Aliyemhitaji saa hizo alizungumza naye kupitia dirishani, naye akajibu akiwa nyuma ya pazia kwa mpango uleule wa darasani: kwanza, pili, kwa hiyo. Wakati ule mishahara ya walimu ilikuwa imekoma, na wenzake wengi walikwisha kuacha chaki wakaenda kuchimba mawe ya kijani yenye shaba kandokando ya migodi. Yeye aliendelea kwenda shuleni kwa miguu, shati limepigwa pasi ya makaa, hata siku ambazo alijua hatamkuta mwanafunzi. Nilimuuliza anamfundisha nani.

"Saa ya falsafa iko kwenye ratiba, Direktere," alijibu. "Mimi naitii ratiba. Wanafunzi wana hiari."

Sisi wawili tulizungumza Kiswahili cha vitabu, kwa ukaidi, kama wazee wengine wanavyoendelea kuvaa kofia ambazo hazivaliwi tena. Akiwa na majirani alisema kama wao.

Tabia yake iliyonivuta zaidi ilikuwa kutoikubali habari isiyo na mwenyewe. Mtu akija mbio kusema kwamba kiwanda cha shaba kitafunguliwa tena, au kwamba ng'ambo ya reli kuna mwanamke aliyezaa jiwe, Profesa aliinua kidole. "Ni nani alisema? Jina yake. Anaikalaka wapi?" Mara nyingi habari ilifia hapo hapo. Nilimheshimu kwa hilo. Katika mji ambao watu walikuwa wamekosa unga na wakajilisha uvumi, yeye peke yake alidai kuonyeshwa gunia.

Alifuga sungura. Wawili wa kwanza aliwaita Sababu na Tokeo. Asubuhi moja alikuja kunipigia hodi, uso umekunjamana kwa huzuni ya kweli. "Direktere, Sababu amekufa, na Tokeo anaendelea kula majani. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto kwamba haiwezekani."

Katika mambo ya dini sikumpatia jina. Aliwahi kusomea upadre akaacha. Kwa nini, hakusema. Alivicheka vyumba vya maombi vilivyokuwa vikichipuka katika kila mtaa, lakini hakukata mkate bila kuuchora msalaba kwa ncha ya kisu. Na akiota ndoto mbaya, hakutoka nyumbani kabla hajaisimulia ndoto ile kwa maji yanayotiririka, kama alivyofundishwa na mama yake. Maji yaliyotiririka kwetu yalikuwa ya mfereji ule. Nilimwona mara nyingi alfajiri, amechuchumaa, akinong'ona na maji ya sabuni. Nilimuuliza mwanafalsafa anafanya nini pale. Alisema mwanafalsafa bado amelala. Aliyeamka ni mtoto wa mama yake.

Sasa nifike kwenye televisheni, kwa maana hapo ndipo mtaa ulipomjua.

Ilikuwa ya Mama Monga, jirani yetu wa upande wa kushoto. Mume wake, mtu wa tanuru kiwandani, aliinunua katika miaka ya neema. Kila magharibi waliinyanyua wakaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, uso wake ukitazama uani, na kila jirani akaja na kigoda chake. Umeme ulikuwa bado unafika kutoka bwawa la Koni kama zamani. Tanuru zilikuwa zimepoa, na bomba la kiwanda halikutoa tena ule moshi wa asidi uliotukoholesha sote. Nilisikia mwanamke mmoja akisema, bila mzaha, kwamba anakikosa kile kikohozi.

Mchezo tulioufuata ulikuwa wa mfululizo, wa Kifaransa, kutoka nchi tusiyoitambua. Mtaa uliuita Mulango. Ulionyesha uwanda wa chumvi, mweupe mpaka upeo wa macho, na katikati yake mlango uliosimama peke yake, bila ukuta wala nyumba. Mtoto wa kike alipita katika mlango huo akatoweka. Mpelelezi alikuja kumtafuta, akapanga katika hoteli ambamo mpishi aliosha sahani ileile kila alipoonyeshwa, na bibi harusi alitembea juani bila kivuli. Hakuna kilichoelezwa. Kila kipindi kilifungua fumbo jipya na kuliacha la jana limelala wazi.

Wengi pale uani hawakukijua Kifaransa cha kutosha. Kwa hiyo Profesa alisimama kando ya dirisha, mkono wa kulia umeinuliwa kidogo kama wa mwongoza kwaya, akafasiri kila sentensi ilipotoka. Alikuwa na sauti nzito ya mpelelezi, sauti ya puani ya mpishi, sauti nyembamba ya bibi harusi. Picha zilitoka kwenye sanduku na maneno yalitoka kwa Profesa, na baada ya majuma machache hakuna aliyekumbuka kwamba sanduku nalo lilikuwa na sauti.

Mchezo ulipokwisha, mjadala ulianza.

"Ule mulango, Prof," aliuliza mume wa Mama Monga, "juu ya nini hauko na nyumba?"

"Mulango ni nini?"

"Ni mbao na kitasa."

"Kitasa ya kufunga nini?"

"Prof, usianze!" Watu wakacheka.

"Ngoja. Ukuta njo unaambia mulango: huku ni ndani, kule ni inje. Ukitosha ukuta, ukiuondoa, mulango unabakia na kazi yake, lakini hauijue tena. Sasa muangalie ule mupishi. Anaosha sahani moya, anaosha tena. Kazi iliisha. Ni mikono tu haiyasikia bado."

Kicheko kikakatika. Wanaume waliokaa pale walikuwa bado wakiamka kila alfajiri kwa king'ora cha kiwanda ambacho kilikuwa kimeacha kulia.

Juu ya bibi harusi asiye na kivuli alikuwa na maelezo marefu, na siwezi kusema kwamba yalikuwa ya kipuuzi. Seminarini, alisema, alifundishwa kwamba mtu ni viwili, mwili na roho. Kwa mama yake alifundishwa kwamba mtu ni vitatu: mwili, jina na kivuli, na kwamba mtu anaweza kupoteza kimoja akaendelea kula na kusalimia watu. Hesabu hizi mbili alizibeba miaka yote bila kuzipatanisha, na sasa alidhani mchezo ule umeamua kwa upande wa mama yake. Watu walimsikiliza vinywa wazi. Walikuwa wamepoteza kazi, watoto, majirani. Mtu mwenye shati safi alipowaambia kwamba kupotea nako kuna mpango wake, walirudi nyumbani wamenyooka mgongo. Nililiona hilo, na kwa muda sikuona ubaya wake.

Ngalula alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Mama Monga. Mama yake alikuwa mtu wa Kasai. Katika miaka ile, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wenye asili ya Kasai waliambiwa waondoke Katanga, jimbo letu, hata waliozaliwa hapa na kuzika hapa, wakajazana stesheni wakingoja treni. Mama yake Ngalula aliingia katika umati huo pamoja na binti yake. Wakati wa kupanda, katika msukumano, mikono yao iliachana. Treni iliondoka na mama. Mtoto alibaki stesheni majuma kadhaa, kati ya wagonjwa na vibanda vya magunia, mpaka muuza maji mmoja alipomtambua akamrudisha kwa shangazi yake.

Alirudi mifupa mitupu, na hakusema. Hakusema kwa shangazi yake, wala kwa watoto wenzake, wala kwangu, ingawa nilimwendea kwa upole wote nilionao, ambao si mwingi. Usiku, shangazi yake aliniambia, alikaa kitako kitandani macho wazi. Mwezi huohuo kitoto kichanga cha Mama Monga kilikufa kwa homa.

Mama Monga hakuwa mwanamke mbaya. Kabla ya msiba ule nilimwona akimpakulia Ngalula bukari na sombe kabla ya watoto wake wa kuwazaa. Baada ya msiba bado alimpakulia, ila alikuwa akiisukuma sahani kwa ncha za vidole.

Jioni ya maneno niliyoyataja mwanzoni ndiyo jioni mtoto wa kwenye mchezo aliporudi. Mlango wa chumvini ulifunguka, akatoka amelowa maji chapachapa, ingawa katika uwanda ule haikuwahi kunyesha. Mpelelezi akamuuliza alikuwa wapi. Picha ikakaa juu ya uso wa mtoto, ikakaa, ikakaa.

"Anasema nini, Prof?" aliuliza mtu.

Mkono wa Profesa ulikuwa juu. 

"Prof! Anasema nini?"

Ndipo akasema, kwa sauti ya mtoto, taratibu: "Minye haiko ule alikwendaka. Ule alibakia kule. Minye nilitumwa."

Mimi siye yule aliyekwenda: ndivyo uani walivyosikia. Mama Monga aligeuka akamtazama Ngalula, aliyekuwa amekaa mlangoni mwa jiko akichambua maharage. Wengine wakageuka pia. Nilivisikia vigoda vikisogezwa mbali naye.

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na Kifaransa nakielewa. Mtoto yule wa kwenye mchezo hakufungua kinywa.

Asubuhi nilimkuta Profesa kwenye banda la sungura.

"Yule mtoto hakusema kitu," nilimwambia.

"Najua."

"Basi maneno yale ni ya nani?"

Aliendelea kugawa majani. "Kimya chake kilikuwa na maana, Direktere. Mfasiri hufasiri maana."

"Nani alikuambia maana yake? Jina lake. Anakaa wapi?"

Hakucheka. Nilimwambia kwamba Ngalula ataponzwa na maneno yale. Alisema watu wanajua kutenganisha mchezo na maisha, na kwamba tusiwadharau. Nikamuuliza kama alivisikia vigoda. Mikono yake ikasimama juu ya majani, nami nikajua kwamba alivisikia.

Siku hiyohiyo Pasta alifika kwa Mama Monga. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda kabla kazi haijakwisha, na chumba chake cha maombi kilikuwa katika ghala kuukuu la mahindi. Sikumjua kuwa laghai. Aliomba akilia machozi ya kweli, naye alifunga chakula kabla ya kuwaambia wengine wafunge. Alisema kwamba katika Ngalula mna bulozi, uchawi wa kuua; kwamba aliyerudi kutoka stesheni ni chombo kilichotumwa kuimaliza nyumba ile; na kwamba mtoto afungiwe katika chumba cha maombi, bila chakula wala maji, mpaka aseme aliyemtuma.

Mpaka aseme. Mtoto asiyesema. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwona mvulana aliyetolewa katika chumba cha namna hiyo, mahali pengine, amebebwa juu ya mkeka. Nilihudhuria maziko yake. Nilimweleza Mama Monga hayo yote, nikiwa nimesimama mlangoni pake, naye alinisikiliza kwa adabu huku akilia.

"Papa Direktere, weye unasema ya mutoto wa batu," alisema. "Minye iko na batatu wanabakia mu nyumba. Nikingoya, atakamata ule mwingine, utanirudishia weye?"

Profesa alikuja uani jioni iliyofuata kabla mchezo haujaanza, shati lake bado bichi. Pasta alikuwapo, amekaa karibu na Mama Monga. Picha zilipoanza, Profesa hakusimama kando ya dirisha. Alisimama mbele yake, akaziba kioo chote.

"Bandugu, muniskie. Ile mutoto wa mu televizyo haikusema kitu. Minye njo nilisema."

"Prof, tulisikia," alisema Mama Monga.

"Mulisikia minye."

"Hapana! Sauti ilikuwa ya mutoto."

"Nilibadirisha sauti. Munajua nabadirishaka."

"Minye niliona midomo inatikisika!" alidakia mwanamke mmoja nyuma.

"Hata minye!"

"Hata minye, karibu kabisa!"

Profesa alinielekea. "Papa Direktere alikuwa mbele, anajua Kifaransa. Mumuulize."

Nilisimama nikasema nilichokiona: midomo ya mtoto yule haikufunguka. Mume wa Mama Monga alitikisa kichwa. "Papa, tunakueshimia, lakini macho yako ni ya zamani kuliko reli." Walicheka, na katika kicheko kile niliisikia hofu.

Pasta hakupandisha sauti. "Munaona? Neno ilitoka. Sasa inabaogopesha, banataka kuirudisha mu kinywa."

Nilikuwa nimetumia maisha yangu kupigana na watu wanaosimulia wasichokiona. Pale nilikuta watu walioona wasichokiona, kila mmoja na ushahidi wake, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza jina lake wala anakokaa, kwa kuwa wote walikuwa mbele yangu.

Wakapanga kumpeleka mtoto keshokutwa asubuhi.

Kesho yake yote Profesa hakutoka. Shati lilining'inia kwenye kamba hata baada ya kukauka. Nilimpigia hodi dirishani. Nyuma ya pazia alisema tu kwamba anatafuta kasoro iko wapi. Nilidhani anatafuta kasoro katika hoja ya Pasta. Kumbe alikuwa akiitafuta njia ya kuikamilisha.

Asubuhi ile Mama Monga alitoka amemshika Ngalula mkono. Mtoto alivishwa nguo nyeupe. Pasta alitangulia, na nyuma wanawake waliimba kwa sauti ya chini. Walipofika kwenye mfereji, Profesa alikuwa amesimama ng'ambo ya ubao wa kuvukia, shati amelipiga pasi, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Pasta, nakuomba maulizo tu," alisema. "Ile neno mulisikia, ilisema nini?"

"Ilisema: nilitumwa."

"Ngalula njo aliisema?"

"Uyu hasemake."

"Nani basi?"

"Mutoto wa mu televizyo."

"Alisema na luga gani?"

"Na Kiswahili."

"Ile televizyo inasemaka Kiswahili?"

Wimbo ulikuwa umenyamaza. "Haisemake," alisema mtu.

"Basi nani anasemaka Kiswahili mu lupango ile ya Mama Monga, kila magaribi, na sauti ya mwanaume, na ya mwanamuke, na ya mutoto?"

Nilimwelewa kabla ya wengine, nikapiga hatua kumzuia, naye akanikataza kwa jicho moja tu.

"Bulozi iko mu neno, munasema. Muifatilie neno mupaka kwenye ilitokea. Musimufunge mutoto asiye na neno. Mufunge mwenye kinywa."

Ikatoka sauti moja: "Anasemaka na maji! Minye nilimuonaka!"

"Na ile sungura! Anaziitaka na majina!"

"Kila siku anajificha nyuma ya rido, anafanyaka nini mule?"

"Mutu bila bibi, bila mutoto!"

Yote niliyoyasimulia mwanzoni kwa kicheko, waliyasimulia pale kwa kidole kilichonyooshwa. Pasta aliinua mikono wakanyamaza. 

"Prof, unakubali?"

Nilimjua mtu huyu. Hakukubali katika maisha yake jambo ambalo halikuthibitishwa. Akajibu kwa uangalifu: "Nakubali: neno ilitoka kwangu."

Hilo lilikuwa kweli, wala hakuongeza kitu juu yake. Waliobaki wakaongeza wenyewe.

Mkono wa Mama Monga uliuachia mkono wa Ngalula, halafu ukaushika tena, lakini namna nyingine. Alimvuta mtoto akambana tumboni, akaanza kulia kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeletewa mtoto wake kutoka stesheni siku ile. Jioni alimwogesha kwa maji ya moto, akampikia samaki.

Profesa walimweka katika ghala lile siku kadhaa. Nilikwenda kila asubuhi nikasimama mlangoni mpaka waniache niisikie sauti yake, na nadhani hilo liliwafanya wampe maji. Alipotoka alikuta banda la sungura limevunjwa na halina kitu. Shuleni walimshauri asirudi, kwa utulivu wa wanafunzi. Alifunga mzigo mdogo juu ya baiskeli akaelekea njia ya Koni. Nilimsindikiza mpaka nyumba za mwisho. 

Televisheni haikuwekwa tena dirishani. Ngalula alisema tena miezi mingi baadaye, nilikuwapo. Kuku alipanda juu ya unga ulioanikwa, naye akamtukana kuku yule tusi la stesheni, refu na la wazi. Mama Monga alipiga vigelegele.

Ilipita miaka. Serikali ilibadilika, pesa zikabadilika, askari wakabadilika, na mwishoni mwa muongo ule nilipata sababu ya kwenda upande wa Koni, kwenye maziko ya mwanafunzi wangu wa zamani. Ngalula, ambaye alikwisha kuwa msichana mkubwa na aliuza unga sokoni, alisikia kwamba nitapita huko. Alikuja kwangu na swali, akaniomba nilifikishe kwa Profesa.

Nilimkuta kando ya mto Lufira, katika nyumba ya tope aliyoijenga mwenyewe. Aliwafundisha watoto wa wavuvi kusoma, na wazazi wao walimpa samaki. Shati jeupe halikuwapo tena. Alikuwa amevaa koti la kazi la mtu mnene kuliko yeye. Alinikaribisha munkoyo katika kikombe cha plastiki, akaniuliza habari za mihogo ya kwenye mfereji.

Nilimwambia nilichotaka kumwambia kwa miaka hiyo yote: kwamba alimwokoa mtoto kwa hila safi ya mantiki, na kwamba sisi wawili angalau tulijua kuwa hakuwa mulozi.

"Direktere," alisema, "mtu akitia neno katika kinywa cha mtoto asiyesema, na kwa neno hilo mtoto mwingine akakaribia kufa, mtu huyo anaitwaje? Walinipa jina. Nimetafuta jina jingine katika Kifaransa na katika Kilatini. Sijalipata."

"Liko. Linaitwa kosa."

"Kosa unalisahihisha kwa wino mwekundu."

Tulitazama maji. Baadaye nikasema nina ujumbe kutoka kwa Ngalula.

Alikiweka kikombe chini.

"Anauliza juu ya ule mchezo. Sisi hatukuuona mwisho wake. Anataka kujua kama wewe uliuona mahali pengine, au unajua. Yule mtoto aliyetoka mlangoni, mpelelezi alimrudisha kwa mama yake?"

Habari za mama yake Ngalula hazikufika kamwe. Profesa alilijua hilo; aliniuliza nilipofika, na nilimwambia. Niliona mkono wake wa kulia ukiinuka kidogo kutoka gotini. Niliona midomo yake ikijiandaa, na nakiri kwamba nilitamani aseme. Nilikuwa tayari kulibeba jibu hilo mpaka Likasi, mimi ambaye sibebi maneno ya watu. Mkono ukakaa hewani. Kisha ukashuka.

"Mwambie sijui," alisema.

"Hivyo tu?"

"Mwambie Profesa amesema hajui."

Nilirudi na jibu hilo, nikamkuta Ngalula akichekecha unga. Nilimwambia. Alisimamisha chekeche.

"Alisema hajue?"

"Alisema hajui."

"Haikusema hata neno 'pengine'?"

"Hapana."

Alikung'uta mikono, akavifuta vidole kimoja kimoja kwenye kitambaa alichojifunga kiunoni. "Basi itanipasa kwenda kuangalia minye mwenyewe," alisema. "Papa Direktere, treni ya Kasai inaondokaka siku gani?"

Nilimwambia nilivyosikia. Kisha nikavaa viatu, nikaenda stesheni kuuliza.